Gundi Wakati wa Kipupwe: Habari ya Kuunga Mti na Faiba

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Juni, ukungu hupanda kutoka bondeni na kuifunika Irente, na watu wetu hutoa mablanketi sandukuni. Nguo zilizofuliwa hukaa kambani siku mbili bila kukauka, mahindi hukawia ghalani, na asali iliyomo chupani hufanya chenga kama sukari. Mambo haya twayajua tangu utoto, wala hatuyastaajabii. Lakini liko jambo moja la kipupwe ambalo mafundi wetu wengi hawajalitia moyoni, nalo ni habari ya gundi. Gundi nayo huona baridi. Fundi akilisahau jambo hili, kazi yake huonekana njema mezani pake, kisha huachana siku ambayo yeye mwenyewe hayupo. Na kama kazi hiyo ni ya chombo cha baharini, hasara yake si ya mbao peke yake.

Pengine msomaji atauliza, Sisi watu wa milimani tuna shirika gani na vyombo vya bahari? Twamjibu kwamba Tanga si mbali, na vijana wetu wengi wameshuka huko kutafuta kazi, na mbao za Usambara zimeshuka pamoja nao miaka mingi. Tena vyombo vyenyewe vimebadilika. Zamani mvuvi wa Tanga au Pangani alikuwa na ngalawa ya mti mmoja uliochongwa, au mashua ya mbao. Siku hizi wengine wana boti za faiba. Na boti ya faiba, ingawa ngozi yake si mti, haiwezi kuuacha mti kabisa: vifuniko vya masanduku ya samaki vina fremu za mti, mabao ya kukalia ni mti, na ule ubao wa tezi unaobeba mashine mara nyingi una moyo wa mti ndani yake. Vitu vidogo vya namna hii hupakiwa juu ya gari na kupandishwa kwa fundi mlimani, kwa kuwa ndugu yake mwenye boti anamwamini kuliko fundi asiyemjua. Ndivyo kazi ya bahari inavyofika Irente.

Yafaa kwanza tueleze tofauti iliyopo kati ya chombo cha zamani na hiki cha sasa. Fundi wa mashua hakutegemea gundi. Alipiga misumari, akatia kalafati ya pamba na mafuta katika maungio, akapaka shahamu chini ya chombo, basi. Mbao zilivimba zikiingia majini, zikajibana zenyewe. Mti ulikuwa na ruhusa ya kucheza kidogo, na kalafati ilicheza nao. Faiba si hivyo. Faiba ni nyuzi za kioo, nyembamba kuliko unywele, zilizofumwa kama kitambaa au kutandikwa kama mkeka, kisha zikalowanishwa kwa utomvu uliotengenezwa viwandani. Utomvu ukiganda, nyuzi hazitoki tena. Boti za kwanza za namna hii zilitengenezwa Marekani katika miaka ya vita, kiasi cha mwaka 1942, na baadaye zikaenea dunia nzima. Kwa hiyo boti ya faiba yote ni gundi tangu omo hata tezi, na mti unaounganishwa nayo hapana budi ushikwe kwa gundi nao. Hapo hapana kuvimba wala kujibana. Gundi ikishindwa, hakuna kingine kinachosaidia ila skrubu chache, na skrubu nazo zina ubaya wao, kama tutakavyosema.

Fundi mmoja jirani yetu, mtu mwangalifu asiyependa kazi ya haraka, aliletewa vifuniko vinne vya faiba vilivyooza fremu zake. Ilikuwa mwezi wa Julai. Akachonga fremu mpya za saipresi, akazipaka epoksi, akazibana kwa jiriwa, akaziacha siku 2 katika karakana yake yenye sakafu ya saruji. Siku ya tatu alizigonga kwa kidole, zikalia kama kitu kigumu. Akatia ukucha katika gundi, ukucha haukuzama. Akaona kazi imekwisha, akazifunga juu ya basi kwenda Tanga. Basi likateremka Soni, likafika Mombo saa sita za mchana, likakaa pale juani kungoja abiria. Wasomaji wetu waijua Mombo: Irente mtu avaa koti, naye akifika Mombo alitia kwapani. Kijana aliyefuatana na mizigo alipopanda juu kuitazama aliona fremu mbili zimesogea, na gundi katikati imekuwa laini kama mpira. Akaisukuma kwa dole gumba, nayo ikaitika. Kwa bahati vilikuwa vifuniko tu, vikarudishwa kwa basi la jioni.

Twasema kwa bahati, maana kama kingekuwa ni ubao wa mashine, na kama Mombo pasingekuwa na jua, ubao ule ungefungwa mahali pake na kwenda baharini. Mashine ya nje ya boti ina uzito wa mtu, nayo huvuta na kusukuma kila wimbi lipitapo. Ubao ukiachia, mashine huzama, na mara nyingine tezi hufunguka na maji yakaingia. Watu wawili watatu wako mbali na pwani, na chini yao ni kilindi.

Sasa sababu yake ni nini? Epoksi haikauki kama rangi au kama uji wa unga. Rangi hukauka kwa sababu maji au mafuta yake huruka hewani. Epoksi hairuki. Ni vitu viwili, utomvu na dawa ya kukazia, vinavyoshikana kimoja na kimoja mpaka vyote viwe kama wavu mmoja. Kushikana huko kwataka joto. Kwa kukadiria, joto likipungua digrii 10, muda wa kuganda huwa mara mbili. Gundi iliyoandikwa mkebeni kuwa huganda kwa saa 24 katika digrii 25, itataka siku 2 katika digrii 15. Na ikishuka kufika digrii 5, aina nyingi husimama kabisa, kana kwamba zimelala usingizi. Hapa Irente usiku wa Julai kipimo huweza kushuka kufika karibu na digrii 10, na sakafu ya saruji huwa baridi kuliko hewa. Mbaya zaidi ni kwamba gundi iliyoganda nusu hudanganya. Baridi yenyewe huifanya ngumu, kama samli ya asubuhi. Mtu huigonga na kusema imeiva, kumbe wavu wake haujafungwa. Ikipata joto, huonyesha ilivyo kweli. Ndiyo maana fremu zile zilikuwa ngumu Irente na laini Mombo.

Mambo haya si mapya kama watu wadhanivyo. Maseremala wa kwanza waliofundishwa kazi hapa Usambara walitumia gundi ya ngozi na mifupa, iliyopashwa moto katika chungu kilichowekwa ndani ya chungu kingine chenye maji. Gundi ile ilikuwa na hasira ya baridi kuliko epoksi: ikipakwa juu ya ubao wa baridi iliganda kabla mtu hajaukaza. Kwa hiyo mafundi walipasha mbao zao karibu na moto kwanza, wakafunga milango wasipate upepo, ndipo wakapaka. Wazee wetu walijua kwamba haitoshi gundi iwe moto, mti nao sharti uwe moto. Vijana walipopata gundi ya mkebeni waliitupa desturi hiyo pamoja na kile chungu, wakadhani ni mambo ya kale yasiyo na maana.

Kulikuwako tena gundi ya maziwa. Huku Irente, mahali panapotengenezwa jibini, si vigumu kuifahamu: maziwa yaliyoganda, yakiondolewa maji yake, yakachanganywa na chokaa, hufanya gundi kali ya mti. Gundi hiyo ilitumika kuunga ndege za mbao katika vita ya 1914 mpaka 1918, na tena katika vita iliyofuata, kwa ndege ya Waingereza iitwayo Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1940. Ubaya wake ni kwamba unyevu na kuvu huila. Baadaye wakaiacha wakatumia gundi za viwandani zisizoogopa maji. Mwaka 1944, katika nchi za India, ndege kadhaa za namna hii ziliachana mabawa, na wengi wakalaumu joto na mvua ya masika ya kule; lakini wachunguzi waliotumwa waliona pia maungio yaliyofanywa vibaya kiwandani, mbao zisizogusana na gundi isiyoshika. Jambo hili latupendeza kulitaja kwa sababu moja: palipoungwa palikuwa nchi ya baridi, palipoachana palikuwa nchi ya joto, na waliokufa hawakuwa wale waliounga.

Turudi karakanani. Kwanza mtu ajue ni utomvu gani alio nao. Ziko aina mbili zinazouzwa kwetu. Poliesta ni rahisi kwa bei, ina harufu kali ichomayo pua, na dawa yake ni matone machache, kiasi cha sehemu 1 au 2 katika 100. Boti nyingi zimetengenezwa kwa poliesta. Lakini poliesta haishiki mti vizuri. Hukaa juu yake kama ganda la yai, na mti ukipata maji ganda hubanduka. Tena chini ya digrii 15 kuganda kwake si kwa kutegemewa. Epoksi ni ghali zaidi, lakini huushika mti na huishika faiba ya poliesta iliyokwisha kuganda. Kwa kuunga mti na faiba twashauri epoksi, wala hatuoni haja ya kulifanyia jambo hili baraza refu. Tahadhari moja tu: epoksi hushika juu ya poliesta, bali poliesta haishiki vema juu ya epoksi. Aliyeanza na epoksi amalize kwa epoksi.

Kuna mafundi ambao, wakiona baridi, huongeza dawa ya kukazia ili gundi iwahi. Kwa epoksi hilo ni kosa kubwa. Dawa si chachu ya mkate wala si moto wa kuongeza kuni. Utomvu na dawa ni kama watu wa ngoma wanaoshikana mikono wawili wawili. Aliyezidi husimama peke yake, hana wa kumshika. Dawa iliyozidi hubaki ndani ya kiungo ikiwa laini milele, na hata jua la Mombo halitaiponya. Kipimo kilichoandikwa mkebeni kifuatwe, tena kwa mizani ikiwezekana, maana utomvu wa baridi ni mzito kama asali na hubaki nyingi katika kikombe cha kupimia. Mtu akitaka gundi iwahi, anunue dawa ya kukazia iliyotengenezwa kwa baridi, nayo ipo. Asibadili kipimo cha ile aliyo nayo.

Utomvu wenyewe pengine hufanya chenga mkebeni, sawasawa na asali, na watu huutupa wakidhani umeharibika. Haukuharibika. Mkebe uwekwe katika sufuria ya maji ya moto, yasiyochemka, maji yasiingie ndani, ukorogwe taratibu mpaka chenga ziishe. Kisha uachwe upoe kufika joto la mkono kabla ya kutiwa dawa, maana ukichanganywa ukiwa moto sana utaganda kikombeni kabla ya kufika kwenye ubao.

Habari ya mti yataka maneno zaidi, maana hapa milimani ndipo tunapokosea mara nyingi. Ubao uliokaa karakanani katika kipupwe umekunywa ukungu. Mtu huushika akauona mkavu, lakini mkono si kipimo. Fundi akate kipande kidogo cha ubao huo, akipime kwa mizani ya jikoni, akitie katika tanuri ya mkate yenye joto la kiasi cha digrii 100, akipime tena na tena mpaka uzito usipungue. Tuseme kilikuwa gramu 115, kikaishia gramu 100: basi mti ulikuwa na maji sehemu 15 katika 100, nao haujafaa. Ukifika 12 au chini yake, ni vema. Saipresi na misonobari ya Shume hukauka upesi ikipangwa ndani ya nyumba yenye hewa, na vijiti kati ya mbao. Msaji wa Longuza, kule Muheza, una shida nyingine: una mafuta ya asili, ndiyo yanayoufanya usioze, na mafuta hayo huizuia gundi. Mti wa namna hiyo ufutwe kwa kitambaa safi chenye asetoni mara tu baada ya kupigwa randa, na gundi ipakwe upesi kabla mafuta hayajapanda tena juu. Wala moto usiwepo karibu, maana asetoni hushika moto kwa mvuke wake tu.

Faiba nayo ina mafuta yake. Ilipotengenezwa, kalibu ilipakwa nta ili kitu kitoke, na nta ile hubaki juu ya uso wa faiba. Mtu akianza kupiga msasa kabla ya kuifuta, huisukumiza nta ndani ya mikwaruzo. Kwanza aioshe kwa sabuni na maji, aifute kwa asetoni, akigeuza kitambaa kila mara, ndipo apige msasa mkali wa namba 80 mpaka mng'aro wote uondoke. Akitaka kujua kama ni safi, amwagie maji kidogo. Maji yakitandaa kama kitambaa kimoja, ni safi. Yakikusanyika kama matone juu ya jani la mgomba, bado kuna nta. Kisha aikaushe sana. Asubuhi ya ukungu umande hushuka juu ya faiba ya baridi bila kuonekana, kama jasho juu ya chupa, na gundi iliyopakwa juu ya umande haishiki chochote. Ndiyo maana twasema kazi hii isianzwe asubuhi. Ianzwe mchana, jua likiwa limeingia karakanani.

Liko jambo jingine la ukungu. Epoksi inayoganda polepole katika hewa ya baridi na unyevu hutoa juu yake utando kama wa nta, wenye kunata. Tabaka la pili likipakwa juu ya utando huo halitashika. Dawa yake ni nyepesi: maji safi na kitambaa cha kukwaruza. Utando huyeyuka katika maji. Baada ya kuosha na kukausha ndipo msasa upigwe. Wengi hupiga msasa kwanza, wakauziba kwa ule utando, wakanunua msasa mwingine, wakakasirika.

Twafika katika habari ya joto, nayo twaomba akina mama na akina baba waisome pamoja, hata wasiokuwa na randa nyumbani. Fundi akiambiwa apashe moto kiungo chake, wazo la kwanza ni kuleta jiko la mkaa karakanani na kufunga milango. Asifanye hivyo. Mkaa unaowaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu huiona kichwa kikimuuma kidogo, kisha usingizi, kisha haamki. Hewa hiyo imewaua watu wengi katika nchi za milimani, jamaa nzima chumbani, kwa sababu ya kuingiza jiko usiku wa baridi. Na fundi anayelala karakanani ili alinde gundi yake isipoe yuko katika hatari ile ile. Tena, hata kama mtu angepona, gundi haimshukuru: hewa itokayo katika moto huongeza ule utando tuliousema, na taa ya mafuta au jiko la gesi huongeza mvuke wa maji juu ya kazi.

Basi joto liletwe, moto ubaki nje. Matofali au mawe makavu yapashwe uani, yasiwe mekundu, yafungwe katika magunia na kuzungushwa kiungo, kisha yote yafunikwe blanketi. Mawe ya mtoni yasitumike, maana yana maji ndani na huweza kupasuka. Chupa za maji ya moto zafaa vilevile, na hubadilishwa bila shida. Palipo na umeme, taa moja ya zamani yenye kutoa joto, ikining'inizwa ndani ya hema dogo la blanketi bila kugusa kitambaa, hutosha kwa kifuniko kizima. Lakini ziko taa za siku hizi zisizotoa joto. Hizo hazifai kwa kazi hii. Kipima joto kidogo kiwekwe juu ya ubao wenyewe, si ukutani, maana hewa hupata joto upesi na ubao hukawia.

Hapa tuongeze siri moja ya mti. Mti una hewa katika matundu yake. Ukipashwa moto, hewa hutanuka na kutoka, na ikiwa umepakwa gundi wakati huo, vipovu hupenya gundi na kuacha vijitundu. Ubao ukianza kupoa, hewa hujikunja na kuvuta gundi ndani. Kwa hiyo ubao upashwe kwanza vizuri, uondolewe kwenye joto, upakwe gundi wakati joto lake linaposhuka, na baada ya gundi kunywewa ndipo joto lirudishwe.

Kupaka kwenyewe ni hivi. Kwanza gundi nyepesi, isiyotiwa kitu, ipakwe pande zote mbili, mti na faiba, na iachwe kidogo mti unywe. Kisha gundi nyingine ikorogwe na unga wa mti laini sana mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga, ipakwe katikati kwa wingi wa kutosha. Jiriwa ikazwe mpaka gundi ichungulie kando, isizidi. Mafundi waliozoea gundi nyeupe ya maji hukaza kwa nguvu zao zote, wakaitoa epoksi yote, wakabaki na kiungo kikavu. Epoksi haitaki nguvu, yataka kukaa. Gundi iliyochanganywa isiachwe nyingi kikombeni, maana yenyewe hutoa joto inapoganda, na ikiwa nyingi mahali pamoja huchemka na kutoa moshi. Imwagwe katika sahani pana.

Siku hiyo hiyo, kwa gundi ile ile na mahali pale pale, fundi aunge vipande viwili vya mabaki, mti mmoja na faiba moja, aviweke kando ya kazi yake. Vipande hivyo ndivyo vitakavyomwambia kweli. Siku ya kutoa jiriwa avivunje kwa nyundo. Mti ukipasuka na nyuzi zake zikabaki zimeshika faiba, kazi ni njema. Vikiachana vikiwa safi kama sahani iliyofutwa, kazi kubwa nayo ni hivyo hivyo, hata kama yapendeza machoni. Na kabla ya kuvivunja avipashe kwanza moto wa jua la adhuhuri au wa chupa ya maji, maana kiungo kitaishi Tanga, hakitaishi Irente, na faiba yenye rangi ya giza ikikaa juani pwani huweza kupita digrii 60. Kiungo kilichogandia baridi na kupata joto la kutosha baadaye huendelea kukomaa, mradi kisibebeshwe mzigo katika wakati huo. Jirani yetu wa vifuniko hatimaye alifanya neno la akili: alizikwangua fremu, akaunga upya kwa mawe ya moto na blanketi, akaziacha siku 5, kisha akazipeleka Mombo kwa shemeji yake zikakaa siku 3 chini ya bati la nyumba zikiwa bado zimebanwa. Karakana bora ya gundi wilayani, asema, ni dari ya shemeji.

Shida hii si yetu peke yetu. Ziwa Kivu liko juu kiasi cha mita 1,460, karibu sawa na Lushoto, na Naivasha kule Kenya iko juu zaidi, kiasi cha mita 1,880, nako watalii hutembezwa katika boti za faiba na usiku ni wa baridi. Mafundi wa huko hungojea jua kama sisi.

Kwa ubao wa mashine twaongeza neno, kwa kuwa ndio wenye hatari. Mti huvimba upande wa upana wake ukipata maji; faiba haivimbi. Mti uliofungiwa ndani ya faiba ukipata maji husukuma na kubandua kiungo hata kama gundi ilikuwa kamili. Maji hayo huingia wapi? Karibu kila mara ni katika matundu ya skrubu na bolti. Kwa hiyo tundu lisitobolewe kwa kipimo cha bolti. Litobolewe kubwa, lijazwe epoksi nzito, liachwe ligande, kisha litobolewe tena katikati kwa kipimo chake, hata bolti ipite ndani ya bomba la epoksi bila kugusa mti. Kingo za ubao zipakwe mara tatu, hasa vichwa vyake, maana mti hunywa kwa kichwa kama mtu. Mwenye boti akigonga ubao kwa mpini wa kisu na kusikia sauti nzito ya kitu kilicholowa mahali fulani, asiahirishe mpaka msimu upite.

Mwisho ni mikono. Epoksi isiyoganda huingia katika ngozi, na mtu aweza kuishika miaka mingi bila neno, kisha siku moja mikono na uso vikamvimba, na tangu hapo hawezi tena kuikaribia. Mipira ya mikono ivaliwe, na mikono isioshwe kwa asetoni bali kwa sabuni na maji. Vumbi la msasa lisivutwe puani. Mabaki ya kikombeni yaachwe yagande kabisa kabla ya kutupwa, wala yasimwagwe mferejini, maana mifereji yetu hushuka kwenye bustani za mboga. Na vikombe vyenyewe visirudi jikoni.